Mwano Nilioupiga Bure

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania vingine huko mbele. Nikifunga geti narudi kulitikisa. Nikiinjika maharage naenda kuyachungulia kila baada ya dakika tano, utadhani yana mpango wa kutoroka. Mume wangu husema kama wasiwasi ungekuwa unalipwa mshahara, tungekuwa na ghorofa Shinyanga mjini. Mimi humjibu kwa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Yeye hucheka, na hicho kicheko chenyewe ndicho ushahidi wangu.

Kwa hiyo jumuiya yetu ya kanisa hapa Ngokolo ilipoamua kwenda kucheza vita vya bunduki za rangi, na kazi ya kuandaa ikaniangukia mimi kama katibu, nilitaka kujiuzulu papo hapo.

Jumuiya yetu ni nyumba kumi na sita za mtaa mmoja. Kila wiki tunakutana kwenye nyumba moja, tunasali, tunasoma neno, tunachangiana ugonjwa na misiba. Vijana walikuwa wameanza kupotea. Wengine walikwenda machimboni Geita na wakirudi wanalala, wengine walikuwepo tu lakini hawaji. Mwanajumuiya mmoja, dereva, aliwahi kumfanyia kazi mkandarasi aliyekuwa akiwachezesha wafanyakazi wa mgodi michezo ya kujenga ushirikiano. Mkandarasi alipoondoka alimwachia vifaa: bunduki kumi za plastiki, barakoa ngumu zenye kioo mbele, mtungi wa gesi, na maboksi ya vidonge vya rangi vinavyopasuka vikimgonga mtu. Akasema tuvitumie. Vijana ambao hawakuwahi kumaliza rozari nzima wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Na ili ieleweke kwa nini, lazima niseme jambo ambalo kwa miaka miwili sikuwa nimelisema kwa mtu.

Wezi walituingilia usiku. Walikuwa watatu na mmoja alikuwa na bunduki, ya kweli. Walichukua runinga, simu na cherehani yangu. Mume wangu walimlaza chini kifudifudi. Mimi nilifika dirishani nikapiga kelele, nikapiga mpaka koo likakauka, na hakuna aliyetoka. Nyumba inayotazamana na yetu ilikuwa na taa ya barazani inawaka. Nilipoanza kupiga kelele, taa ile ikazimwa.

Asubuhi walikuja wote na sukari na pole. Mama wa nyumba ile ya taa alikuja na kilo mbili. Nikawachemshia chai, kwa sukari yao. Wiki iliyofuata nikaenda kwenye jumuiya nikasoma muhtasari wa kikao kama kawaida. Lakini tangu siku ile, kila ninapotikisa geti, najiuliza swali moja: nikipiga kelele tena, nani atakuja? Na watu wenye jibu ndio haohao niliokuwa naambiwa niwapeleke porini wakashike bunduki.

"Usiikatae," mume wangu aliniambia. "Uishike mwenyewe, uone ni plastiki. Pengine hofu itakuisha."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapa unyasi wenyewe ulikuwa na kifyatulio. Lakini nilikubali, kwa sababu ningekataa wangeniuliza kwa nini.

Nikaandaa jinsi mwoga anavyoandaa. Uwanja tuliupata kwenye kijiji kimoja kabla hujafika Segese, kwenye shamba la binamu yangu lililokwisha kuvunwa mtama, lenye mawe makubwa ya kujifichia. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kharumwa, nayajua maeneo yale. Kila mahali watu wamechimba wakitafuta dhahabu, na duara, yaani shimo la mchimbaji, likiachwa huota majani juu yake na kukusubiri. Nililitembea shamba lile lote na fimbo ndefu nikichoma ardhi kila hatua, binamu yangu akinifuata nyuma akiniuliza nimeangusha nini. Nikaweka mipaka kwa kamba ya katani. Nikapeleka barua yenye muhuri wa kanisa kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha nikaenda mwenyewe kwa kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi, nikamwonyesha bunduki moja na kumpasulia kidonge kimoja kiganjani ili aone ni rangi tu. Alinusa, akacheka.

"Watu wazima?" aliuliza.

"Watu wazima, baba."

"Na mmesali kwanza?"

Nikamwahidi tutasali. Akasema atawatangazia watu, na alitangaza. Hilo nalisema kwa haki yake: kijiji kizima kilijua.

Kisha nikaweka sheria mbili. Ya kwanza, rangi nyekundu marufuku. Tulikuwa na maboksi mawili ya njano na moja la nyekundu, na lile jekundu nikaliandika kwa kalamu nene LISIFUNGULIWE. Ya pili, hakuna kupiga yowe. Akigongwa mtu anyanyue mkono, atoke kimya.

Hiyo ya pili iliwashangaza, hasa wale ambao si watu wa Usukumani, mume wangu akiwa wa kwanza. Yeye ni mtu wa Kilimanjaro na Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu. Nikawaeleza. Vijijini kwetu kuna mwano. Ni kilio kirefu cha juu ambacho mtu hupiga akivamiwa, akiibiwa ng'ombe, au akiona mauti. Ukiusikia unaacha ulichoshika, unachukua silaha uliyonayo, unaupokea kwa kupiga na wewe ili wa mbali wasikie, kisha unakimbilia ulikotoka. Huulizi kuna nini. Asiyekwenda hutozwa, na akirudia hutengwa, hata moto haombi kwa jirani. Na mtu anayekutwa amesimama na silaha mahali mwano ulikotoka huwa hapati nafasi ya kujieleza.

"Kwa hiyo tusicheke?" dereva aliuliza.

"Cheka. Usilie."

Na juu ya hayo nikanunua filimbi. Mlio mmoja, mchezo unaanza. Milio mitatu, kila mtu aliko aweke bunduki chini, avue barakoa, akae kitako. Kwa wiki nne, baada ya sala, niliwafanyisha mazoezi sebuleni kwa watu. Napuliza mara tatu, watu wazima wanashuka kwenye makochi kukaa sakafuni. Walinitania sana. Mama wa nyumba ya taa, ambaye ni mnene na magoti yanamsumbua, kila akishuka alikuwa akisema, "Katibu, mimi siku hiyo nitakuwa nimeshakaa tangu mwanzo."

Siku ilipofika, Julai, Kosta ya parokia ikatushusha saa nne asubuhi. Akina mama wa kijiji walikuwa wanachuma pamba kwenye mashamba ya jirani, wakatupungia mikono. Tukasali. Dereva akafungua boksi la kwanza la njano na uso wake ukabadilika. Vidonge vilikuwa vimelala wiki nzima ndani ya gari kwenye jua, vimeyeyuka vikashikana, mfuko mzima umekuwa donge moja. La pili hivyohivyo. Lile jekundu alikuwa ameliweka ndani kwake chini ya kitanda, kwa sababu niliandika lisifunguliwe. Lilikuwa zima kabisa.

Wote wakanitazama. Vijana kumi walikuwa wameshavaa barakoa, wengine walikuwa wameacha zamu machimboni ili waje. Mwoga wa kweli angesema turudi nyumbani. Lakini kuna uoga mwingine, wa kuonekana mwoga, na huo ndio ulionishinda.

"Fungua," nikasema.

Raundi mbili za kwanza zilikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kuona haya. Waligongwa, wakanyanyua mikono, wakatoka kimya na mabaka mekundu mgongoni. Mama wa nyumba ya taa alikuwa amekaa kivulini na sufuria za pilau, akihesabu waliokufa. Mimi nilisimama kwenye kamba na filimbi mdomoni, nikitazama vichaka, njia, mawe, kisha tena vichaka. Mume wangu aliniomba aingie raundi ya tatu. Nikamfunga barakoa mwenyewe na kumvuta mkanda mara mbili.

Alijificha nyuma ya jiwe kama hatua arobaini kutoka kwangu. Vijana wawili wakamzunguka. Nilisikia milio ile mikavu, tap tap tap, nikamwona akitoka nyuma ya jiwe akiwa mwekundu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Badala ya kunyanyua mkono, yeye, mzee mzima, baba wa watoto watatu, akaamua kuwachekesha vijana. Akashika kifua, akayumba, akaanguka kifudifudi.

Kifudifudi, vilevile walivyomlaza wale wezi.

Sikufikiri. Filimbi ilinidondoka ikaning'inia kwenye kamba yake, na kutoka tumboni kwangu ukatoka mwano. Sikuwa nimeupiga tangu nizaliwe. Nilikuwa nimeusikia utotoni mara mbili tatu kwa mama na shangazi zangu, basi. Ulitoka mzima, mrefu, ukapanda na kukaa hukohuko juu. Mimi mwenyewe, niliyeweka sheria.

Uliponiishia, kukawa kimya. Kisha upande wa mashamba ya pamba mwanamke mmoja akaupokea. Wa pili akaupokea mbele yake. Wa tatu, mbali kabisa, upande wa bwawa. Nilisikia jinsi unavyosambaa, na mwano hauna kamba ya kuuvuta ukarudi.

Walitokea pande zote kwa wakati mmoja. Wanaume wenye fimbo, wenye mapanga, mmoja mwenye upinde, wakikimbia bila kusema neno. Na vijana wangu, wakingoja filimbi, bado walikuwa wamechuchumaa nyuma ya mawe wakiwa na bunduki mikononi. Na mume wangu, aliyesikia mkewe akilia na hakujua ni kilio gani, alikuwa ameinuka anakuja kwangu. Anakuja mbio, mwekundu mwili mzima, uso umefunikwa, bunduki mkononi. Nilimwona jinsi walivyokuwa wanamwona wao.

Nikapuliza filimbi mara tatu. Nikapuliza tena mara tatu. Na Mungu awabariki watu wote walionicheka sebuleni: vijana wakaweka bunduki chini, wakavua barakoa, wakakaa kitako kama mtu mmoja. Wote isipokuwa mume wangu, ambaye kwenye mazoezi alikuwa akibaki jikoni kunywa chai akisema sheria za mkewe anazijua.

Nikakimbia. Sijui nilivukaje ile kamba. Wanaume wawili walikuwa wameshamkaribia, mmoja ameinua fimbo, nami nikamfikia kwanza nikamkumbatia. Nilimkumbatia mbele ya jumuiya, mbele ya kijiji, mbele ya binamu yangu, jambo ambalo kwetu mke halifanyi hadharani hata arusini. Nikamng'oa ile barakoa nikipiga kelele kwa Kisukuma, ni mume wangu, ni mume wangu, ni rangi. Fimbo ilibaki hewani. Nikasikia moyo wa mume wangu ukigonga. Hapo ndipo na yeye alipoelewa, maana aliniegemea kwa uzito wake wote.

Kamanda wa sungusungu alifika anahema, shati limefunguka vifungo. Akatazama vijana waliokaa chini, akamtazama mume wangu, akachovya kidole kwenye ile rangi akanusa, kama alivyonusa siku ile.

"Nani kapiga mwano?"

"Mimi, baba."

"Nani kakuvamia?"

"Hakuna."

Walikuwa watu kama sitini wakati huo, na wengine walikuwa bado wanafika. Hakuna aliyecheka. Nilitamani moja ya yale maduara niliyoyatafuta kwa fimbo lifunguke.

"Nisameheni," nikasema. "Mlijua ni mchezo. Niliwaambia mwenyewe."

"Tulijua ni mchezo," kamanda alijibu. "Lakini mwano si mchezo. Mwano ukipigwa tunakuja. Tungekuwa tunauliza kwanza ni wa kweli au wa bure, nani angefika?" Akafunga vifungo vyake taratibu. "Una faini. Hawa wote wameacha kazi zao kwa ajili yako. Utampa mkono kila mmoja na utamshukuru."

Nikaanza. Kila mkono, "wabeja sana," na kila mkono ulikuwa bado wa moto kwa mbio. Mzee mwenye upinde. Mwendesha bodaboda aliyeacha abiria barabarani. Mwanamke mmoja wa rika langu alikuwa amefika na kanga aliyofunga kiunoni imejaa pamba aliyochuma, nyingine imemwagika njia nzima, na mkononi alikuwa na mchi. Alinishika mkono na hakuuachia.

"Mayo," yaani mama, akaniuliza kwa Kisukuma, "uliogopa nini hivyo, na ulijua ni rangi?"

Sijui kwa nini nilimjibu yeye. Pengine ni kwa sababu ya ule mchi. Nikamwambia kuhusu wezi, bunduki, mume wangu kifudifudi. Nikamwambia nilivyopiga kelele mjini dirishani.

"Walikuja wangapi?"

"Hakuja mtu."

Alinitazama kama ambaye hajasikia vizuri. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Ee mayo. Unaishi na watu gani?"

Hapo nikalia. Nililia mbele ya watu sitini wenye mapanga, kilio kibaya cha makamasi. Nilikuwa nimekuja na hofu kwamba nikiita hakuna atakayekuja, na sasa nilikuwa nimeita bure, kwa mzaha wa mtu mzima, na mwanamke ambaye hata jina langu halijui alikuwa amemwaga pamba yake kunifuata. Na nyuma yangu, kivulini penye sufuria, mama wa nyumba ya taa alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Yeye ni Msukuma wa Maswa. Alikuwa amesikia kila neno.

Pilau ya watu ishirini ikaliwa na watu themanini, tonge mojamoja, na hakuna aliyelalamika. Baadaye kamanda aliomba bunduki akapiga kichuguu, akakosa, akaomba tena. Vijana walimshangilia. Mimi sikuweza kutazama.

Kwenye Kosta, kurudi, mama wa nyumba ya taa alikuja kukaa kiti cha pembeni yangu. Mume wangu alikuwa amelala, au alijifanya amelala.

"Katibu," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ile tulikusikia."

"Najua. Niliona taa ikizimwa."

"Ni mimi niliyeizima." Alikuwa anaviringisha ncha ya kanga yake, anaifungua, anaiviringisha tena. "Baba watoto alitaka kutoka. Nikamshika shati. Nikamwambia, ukifa wewe nitabaki na nani?"

Miaka miwili nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia mtu huyu siku atakapokiri. Yalikuwa makali na yamepangwa vizuri, mimi ni katibu. Nikayatafuta, sikuyaona. Niliona tu mikono yake ikimshika mumewe shati, nikakumbuka mikono yangu saa nne zilizopita ilivyomshika wangu.

"Nilikuja na sukari," akasema, akaanza kulia. "Nilikuja na sukari, wewe ukanipa chai."

Sikumwambia nimekusamehe. Sikujua kama nimesamehe, na sikutaka kudanganya ndani ya gari la parokia. Nilivua ile filimbi shingoni nikamvisha. Aliishika, akaitazama, hakuelewa.

"Mimi naogopa kila kitu," nikamwambia. "Unanijua. Lakini ukiipuliza hiyo, hata saa ngapi, nitatoka."

Hajaipuliza mpaka leo. Geti bado nalitikisa kila jioni, na nikishalitikisa nasimama kidogo nikisikiliza upande wa kwao. Taa yao ya barazani sasa inakesha ikiwaka.